Kizuizi Kilichoitikia Hodi

Alhamisi, tarehe kumi na tisa, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Hiyo ndiyo saa. Kabla yake nilikuwa baba wa mtu.

Nilitoka nyumbani kufuata msumeno wangu. Jambo dogo kabisa. Mimi ni seremala, na kesho yake asubuhi nilitakiwa kukata mbao za jeneza la kijana wa duka la simu, aliyepigwa risasi mtaa wa nyuma. Msumeno mkubwa ulikuwa kwenye kizuizi. Aliuchukua binti yangu siku ya kwanza, vijana walipokuwa wanafunga barabara, na hakuurudisha.

Binti yangu tulimwita Randa, kwa sababu tangu akiwa na miaka kumi na miwili alijua kulainisha ubao kwa randa kuliko mimi baba yake. Sasa alikuwa na ishirini na mitatu. Mama yake alifariki mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya haya. Tulibaki wawili nyumbani na wawili karakanani.

Zilikuwa zimepita siku kumi tangu watu waikatae serikali na kumwagika barabarani. Mambo ya siasa wataeleza wanaoyajua. Mimi najua kwamba wanajeshi waliingia mtaa wa nyuma, wakapita nyumba hadi nyumba, na walipotoka tulihesabu maiti kumi na moja. Baada ya mtaa ule ungefuata wetu. Vijana wakasema barabara ifungwe pale njia panda, na kila nyumba itoe kitu kimoja kizito.

Walipofika kwangu niliwaonyesha kiti.

Kilikuwa kiti cha mikono, nilichokitengeneza mwenyewe mwaka tuliooana. Mke wangu alikuwa akikikalia kila jioni, na jioni moja alifia hapo hapo, akisubiri chai ipoe. Moyo ulisimama. Baada ya mazishi sikuweza kukikalia, wala kukiuza, wala kukichoma. Nilikigeuza kikatazama ukuta, na kikakaa hivyo mwaka mzima na zaidi.

"Baba," Randa aliniuliza, "kiti cha mama?"

"Mbao ni mbao," nikamwambia.

Alikibeba mwenyewe, kichwani, hataki kusaidiwa.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilipofunga mlango nilipumua kama mtu aliyetua gunia.

Upande wa kushoto wa kizuizi vijana waliacha upenyo wa kupitishia wagonjwa na maiti. Wakauita mlango. Na kwa kuwa ni vijana, wakaanzisha mzaha wao: hupiti pale mpaka upige hodi. Walinzi wakishaitikia karibu, ndipo unapita. Ukisahau wanakurudisha. "Rudi, mzee, umeingia kama mwizi." Tulicheka. Siku zile mtu ulichukua kicheko popote ulipokiona.

Hakuna aliyekaa akafikiri tunafanya nini. Siku nane, asubuhi na jioni, mtaa mzima ulikuwa unapigia hodi rundo la vyombo.

*

Jioni ile barabara ilikuwa kimya. Amri ya kutotoka nje ilikuwa inaanza saa moja. Pale njia panda nilimkuta Dereva amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alistaafu kuendesha mabasi zamani, lakini jina halikustaafu.

"Mwisho wa kituo, fundi," akasema. "Abiria wote washuke."

"Nimefuata msumeno wangu."

"Anao bintiyo. Yuko ndani."

"Ndani ya wapi?"

Akanionyesha rundo kwa kidevu.

Niliona ajabu, lakini kabla sijauliza alinishika mkono akaniinamisha karibu na mdomo wake.

"Jana wamekuja tena," akanong'ona. "Magari mawili. Yakafika pale kwenye nguzo ya taa, injini zikazima. Zote mbili kwa pamoja. Mimi nimeishi na injini miaka thelathini, fundi, hazizimi vile. Akashuka mwanajeshi mmoja, kijana tu, na bunduki yake. Akatazama juu ya kizuizi. Unajua alifanya nini?"

"Alifanya nini?"

"Alivua kofia ya chuma. Akasema shikamoo."

"Alimwamkia nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Hapakuwa na mtu juu pale. Akasema shikamoo... shikamoo... shikamoo... anageuza kichwa, kama mtu anayepita mbele ya wazee kwenye msiba. Halafu wakayasukuma magari kwa mikono mpaka yakapotea."

Alitaka kucheka. Kicheko hakikutoka.

Nikamwambia amechoka, akalale. Nikasogea kwenye upenyo. Walinzi wawili walikuwa mbali, wanachota maji kwenye bomba. Kwa mazoea tu nikasimama, nikapiga.

"Hodi."

Dereva alifungua mdomo aitikie.

Aliwahiwa.

"Karibu."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima. Ilitoka chini, katikati ya mbao, haina haraka, kama ya mtu aliyekaa kwake.

Nilimgeukia Dereva. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Tangu juzi," akanong'ona. "Kila tukitaka kuitikia tunawahiwa. Panaitikia penyewe."

*

Niliingia kwa sababu mwanangu alikuwa ndani. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Kwanza nilisikia harufu. Dawa ya kuchua. Mashuka ya mgonjwa. Mafuta ya taa. Nilikuwa barabarani, mbingu iko juu yangu, upepo unapita... na pua yangu inaniambia niko katika chumba ambacho dirisha lake halijafunguliwa siku nyingi.

Nikawasha tochi ya simu. Nikaimulika kwenye kitanda kilichosimamishwa wima mkono wangu wa kulia, nikaona maandishi yangu.

Kila kitu kinachotoka karakanani kwangu, kiwe kipya au cha kurekebishwa, nakiandika kwa penseli upande wa chini. Jina la mwenyewe na tarehe. Ni desturi ya mjomba wangu aliyenifundisha, nami sijaiacha. Kile kitanda kilikuwa cha mshonaji, yule aliyelala miaka mitatu asiinuke. Nilikiongezea mbao za kuegemea alipoanza kushindwa kukaa.

Nikamulika kilichofuata. Meza ya mwalimu mkuu. Alikufa na daftari za watoto zimefunguka juu yake.

Nikamulika kingine. Kitanda kidogo cha mtoto wa muuguzi, chenye vijiti pembeni. Mtoto aliishi siku tisa.

Na chini kabisa, limelazwa kifudifudi, limebeba vyote hivi mgongoni, kabati la yule bibi wa nyumba ya kona. Yule ambaye mtaa mzima ulimwita mchawi. Watoto walivushwa barabara wasipite mlangoni kwake. Mimi mwenyewe nilipokwenda kumtengenezea bawaba sikunywa maji yake. Alikufa peke yake, mlango umefungwa kwa ndani, na lile kabati halikuguswa na mtu miaka minne. Mpwa wake ndiye aliyelitoa. Lilikuwa la kwanza kuwekwa.

Niliendelea kumulika. Stuli. Sanduku. Mlango. Kila jina nililolisoma nilikuwa nimelisindikiza makaburini kwa miguu yangu.

Hapakuwa na kitu cha mtu aliye hai.

Nilirudi kinyumenyume hadi kwenye upenyo.

"Dereva. Wewe ulitoa nini?"

"Godoro."

"La nani?"

"La kaka."

"Kwa nini ulitoa hilo? Nyumba yako imejaa vitu."

"Ningelifanyaje, fundi?" Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto anayeshtakiwa. "Kulilalia siwezi. Kulitupa ni kumtupa yeye. Na wewe, kiti ulikifanyaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna aliyeshauriana na mwenzake. Tuliambiwa kila nyumba itoe kitu kimoja, na kila nyumba, kimya kimya, ikatoa kile ambacho ilikuwa inatafuta pa kukipeleka. Tukavikusanya mahali pamoja. Tukaacha mlango. Halafu tukapiga hodi siku nane.

Tulikuwa tumewajengea nyumba.

Nyuma yangu kitanda cha mshonaji kililia. Ulikuwa ule mlio wa mtu mzito anayejigeuza upande wa pili. Nilikuwa naujua, maana mimi ndiye niliyeshindwa kuunyamazisha.

*

Randa alikuwa katikati, mahali palipobaki wazi kama sebule ndogo. Amekaa kwenye kiti cha mama yake. Kiti kilikuwa kimewekwa kikitazama barabara wanakotokea wanajeshi. Msumeno wangu ulikuwa mapajani, umefungwa gunia vizuri.

"Shikamoo, baba," akasema, bila kugeuka.

"Marahaba. Inuka twende."

"Mama anauliza kama umekula."

Nilimshika bega. Lilikuwa la baridi, baridi ya ubao uliolala nje usiku.

"Randa. Usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii kitu, baba. Kaa chini, usipige kelele, hawapendi." Akatabasamu kidogo. "Mwalimu mkuu bado anagombeza watu."

Nikachuchumaa mbele yake. Macho yalikuwa yake. Akili ilikuwa yake. Alinieleza taratibu, jinsi alivyokuwa akinieleza kipimo cha ubao. Jioni ya kwanza alichoka, akakaa pale kupumzika. Magari yakaja, yakageuka. Jioni ya pili aliondoka kwenda kunywa maji, na magari yakafika hadi hapa karibu, yakaanza kusukuma. Akakimbia kurudi. Alipokaa tu, injini zikazima. Tangu hapo magari hayakuvuka tena nguzo ya taa.

"Wanataka mtu wa kukaa nao, baba. Basi. Tangu wafe hakuna aliyewahi kukaa nao. Nikiwa hapa, ni nyumba ya watu, na wale askari wanaona kuna wenyewe. Nikiinuka, ni mbao."

"Yule bibi wa kona?"

"Ndiye anayefungua mlango." Akafikiri. "Si mbaya. Anaongea sana tu."

"Inuka, mwanangu. Nitakaa mimi."

Hapo alisita. Nikaona hofu usoni kwake kwa mara ya kwanza. "Baba, afadhali usijaribu."

"Mimi ni mumewe. Nilikitengeneza kwa mikono hii. Inuka."

Alikuwa mtoto mtiifu. Aliinuka.

Nikakaa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Mkono begani. Pumzi sikioni. Nilikuwa tayari hata kumwona, na nilikuwa nimeshapanga neno la kwanza la kumwambia. Nikafumba macho, nikamtaja Mungu, nikasubiri.

Hakuna.

Ilikuwa mbao. Harufu ya dawa iliondoka, kama mtu amefungua dirisha. Nikasikia harufu ya vumbi na ya matairi yaliyoungua. Kitanda kikanyamaza. Sikuwahi maishani mwangu kukaa mahali patupu namna ile. Nilikuwa nimemgeuza akatazama ukuta, kisha nikamtoa nje. Naye akanipisha.

Mbali, kwenye nguzo ya taa... injini ikawaka.

Kisha nyingine.

Kisha ya tatu.

"Baba, inuka."

Taa zao zilimulika kupitia mianya ya mbao. Ardhi ilianza kutetemeka chini ya viatu vyangu. Nyuma yetu nilimsikia Dereva akiita watu, na milango ya mtaa ikifunguliwa, na mtoto akilia.

"Baba. Tafadhali."

Niliinuka. Naandika neno hilo nikijua maana yake. Nilikuwa na nguvu za kumbeba nikimbie naye, alikuwa mwembamba. Nilitazama mtaa, nikamtazama yeye. Niliinuka.

Akakaa.

Injini zikazima.

Harufu ikarudi. Mtu akakohoa pembeni yangu, kikohozi cha adabu, na hapakuwa na mtu.

"Nenda nyumbani ukale," Randa akasema. Hakunitazama tena. "Kesho kukipambazuka njooni wote. Kila mtu achukue chake arudi nacho ndani kwake, akiweke mahali pa heshima. Wakishapata kwao hawatanihitaji. Leo niachie." Akaninyooshea msumeno. "Na usisahau huu. Una jeneza la kukata."

*

Sikula. Nilizunguka nyumba hadi nyumba kabla amri haijaanza, nikawaambia. Nilidhani watanicheka. Hakuna aliyeniuliza swali. Muuguzi alisema tu, "Kitanda nitakifuata mimi mwenyewe," akafunga mlango.

Vijana wa ulinzi waliniambia baadaye kwamba magari yalisimama pale usiku wote bila kuwaka. Alfajiri redio ikatangaza kuwa jeshi limekataa amri na linarudi kambini. Wengine wanasema hiyo ndiyo iliyotuokoa. Sibishani nao.

Tulikwenda mwanga ulipotoka. Mtaa mzima, wazee kwa vijana, na hakuna aliyesema neno. Kila mtu alitafuta chake. Nilisikia watu wakizinong'oneza mbao. Dereva alipiga magoti barabarani, akakumbatia godoro, akasema, "Twende, kaka. Twende, umechelewa." Muuguzi aliondoka na kile kitanda kidogo kifuani kama alivyombeba aliyelala humo. Kabati la bibi lilibaki peke yake, mpwa wake hakutokea. Wanawake sita walikuja wakalinyanyua, walewale waliokuwa wakivusha watoto wao barabara, wakalirudisha nyumba ya kona.

Mimi nilikwenda kwenye kiti.

Alikuwa amekaa, mikono juu ya mikono ya kiti, kichwa kimeegemea nyuma. Hana jeraha. Uso umetulia. Nilimwita mara mbili. Mara ya tatu sikumwita.

Daktari alisema ni moyo. Akaniuliza mama yake alikufa na nini, nilipomwambia akatikisa kichwa, akasema ni ugonjwa wa kurithi, angeweza kufa popote, hata karakanani, hata kitandani kwake. Ni mtu msomi na aliniambia kwa upole. Huenda ni kweli. Naomba iwe kweli.

Siku hiyo nilikata mbao za majeneza mawili.

*

Ilipita miezi mitatu. Asubuhi moja aliingia karakanani kijana mmoja na mguu wa meza uliovunjika. Alikuwa na nguo za kiraia, lakini alisimama kiaskari. Nilimpokea, nikachukua penseli niandike jina lake. Nilipoinua uso nilimkuta amerudi nyuma hadi ukutani.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba. Vipi, una nini?"

Aliniuliza kama naishi mtaa ule tangu wakati wa vurugu. Nikasema ndiyo. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alikuwa mmoja wa wale waliofika kwenye nguzo ya taa. Kwamba juu ya kizuizi waliona watu wengi wamekaa, wake kwa waume, kimya, na nguo zao safi. Katikati amekaa msichana. Ni yeye peke yake aliyekuwa anapumua, moshi wa pumzi yake ulionekana.

"Na nyuma ya kiti chake," akasema, "alisimama mzee, ameshika kiti kwa mikono miwili. Penseli sikioni."

Nikamwambia haiwezekani. Nilikaa pale dakika chache tu, jioni ya mwisho, na wala sikusimama nyuma.

"Mimi nilimwona usiku wa kwanza," akasema. "Na wa pili. Usiku wote. Ni wewe, mzee."

Akaweka mguu wa meza juu ya benchi taratibu.

"Unisamehe. Wale wengine niliambiwa wote ni marehemu. Nikadhani na wewe."

Hakurudi kuuchukua. Mimi nalala mapema siku hizi na naamka nimechoka, viganja vinauma kama nimeshika kitu usiku kucha. Sijui nilikuwa nafanya nini pale, wala ni nani aliyenipeleka. Ninachoomba ni kimoja, kwamba kama nilikuwepo kweli, basi nilikuwa nimemshikia yeye kiti asianguke.

Ee Mungu mwenye rehema, mpokee mtoto wangu. Alikaa na wale ambao sisi tuliogopa kukaa nao, basi na yeye usimwache peke yake. Mpe mahali pa kupumzika asipotakiwa kulinda mtu. Mpumzishe mama yake, na yule bibi wa nyumba ya kona, na mtoto wa siku tisa, na wote walioondoka mikononi mwetu tukageuza uso. Wasamehe, na utusamehe. Na mimi, siku utakayoniita, nikute niko macho. Amina.